Kipara cha daraja la sita, kisogo chenye vipele

Mgonjwa ni mwanamume wa miaka 38, mkulima wa korosho mwenye duka la pembejeo wilayani Tandahimba. Alifika kliniki ya ngozi mjini Mtwara akiwa na ofa kwenye simu: vipandikizi 5,000 vya nywele kwa siku moja huko Istanbul, pamoja na hoteli na gari la kumpokea uwanja wa ndege. Kwetu alitaka vipimo vya damu tu. Fedha za mnada wa korosho zilikuwa zimeshaingia. "Dokta, kufikiri nimeshamaliza. Nipimieni niende."

Nakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu karibu kila namba aliyokuwa nayo ilikuwa sahihi kwa kichwa cha mtu mwingine.

Kichwa chenyewe

Upara ulianzia kwenye panja akiwa na miaka 24, ukazuka utosini miaka michache baadaye, na alipofika 33 sehemu hizo mbili zilikuwa zimekutana. Kwenye mizani ya Hamilton ya mwaka 1951, iliyoboreshwa na Norwood mwaka 1975 na yenye madaraja saba, yuko la sita. Juu ni ngozi tupu. Kilichobaki ni ukanda wa nywele unaotoka sikio hadi sikio kupitia kisogoni. Kwa miaka mingi amenyoa wembe kila wiki, na wateja wake wengi hawajui kwamba ana upara. Wanajua ni mtu anayependa kunyoa. Jambo hilo lilikuja kuwa na uzito kuliko nilivyolichukulia siku ile.

Kichwa kilichonyolewa wembe hakipimiki. Tulimwomba aache nywele ziote kwa wiki tatu, akanung'unika, akakubali. Aliporudi, tulianza na swali ambalo matangazo ya upandikizaji hayaulizi: huu ni upara wa kurithi kweli, au ni ugonjwa wa ngozi uliofanana nao? Lupasi ya ngozi huua mizizi ya nywele na kuacha kovu. Upo pia upara wa makovu unaoanzia utosini na kutanuka. Huwapata zaidi wanawake, lakini wanaume hawajaepuka. Ukipandikiza nywele kwenye ngozi yenye ugonjwa ulio hai, zitakwenda njia ile ile ya wenzake. Kwa kioo cha kukuzia, ngozi yake ilikuwa laini, haina magamba wala kovu, na vitundu vya nywele vilionekana vikiwa vimebeba vinyweleo vyembamba. Ni wa kurithi. Nywele za ukandani nazo zilikuwa nene karibu zote, na hiyo ilikuwa habari njema, maana wapo wanaume ambao hata ukanda wenyewe unanyong'onyea, hao hawapandikizwi.

Habari mbaya ilikuwa kisogoni. Chini, karibu na shingo, alikuwa na vipele vigumu, vingine vimeungana na kufanya kovu lililoinuka la upana wa vidole viwili. "Hivyo ni vya mashine ya kinyozi, vinakuja vinaondoka." Vinyozi wamebebeshwa lawama nyingi kwa vipele hivi, na kwa sehemu wanastahili, lakini umbo la nywele zetu nalo linahusika. Nywele ya kipilipili hutoka kwenye ngozi ikiwa imejikunja. Ikikatwa karibu mno na ngozi, ncha yake hurudi ndani, mwili unaipiga vita, na vita hiyo ikirudiwa kila wiki kwa miaka huacha kovu. Kola ngumu na jasho huchochea. Sehemu hiyo haiwezi kutoa kipandikizi hata kimoja, na hata ngozi iliyo jirani nayo haifai kuguswa mpaka vipele vitulie.

Kwa kuwa alikuwa na kovu lililoinuka, ilibidi tujue mwili wake huponaje. Tuliangalia kovu la chanjo ya kifua kikuu kwenye bega la kulia: bapa. Kovu la jando: halina tatizo. Kovu la panga kwenye muundi, la msimu wa kupalilia: bapa. Lakini alipoulizwa kuhusu ndugu alisema mama yake alitobolewa masikio, na ndewe moja ikavimba kovu kubwa kama kunde mpaka akaacha kuvaa hereni. Mtu mwenye kovu bapa tatu na mama mwenye kovu lililovimba hajafungiwa mlango, ila hapaswi kuingizwa kwenye upasuaji mkubwa bila jaribio.

Kisha wajomba. Huku kwetu Kusini, kwa Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao, mjomba ndiye mwenye neno kwenye ukoo, kwa hiyo mtu anajua kichwa cha mjomba wake vizuri kuliko cha baba mdogo. Safari hii mila na sayansi zilikaa upande mmoja: jeni moja kubwa ya upara ipo kwenye kromosomu ya X, ambayo mwanamume huipata kwa mama yake. Wajomba zake watatu wote ni wapara, na mkubwa wao, aliyepita miaka sitini, amebakiwa na ukanda mwembamba uliosinyaa hadi usawa wa masikio. Ni daraja la saba. Jeni za upande wa baba nazo zimo, na baba yake alikufa na nywele zake, kwa hiyo hatuwezi kuapa. Lakini mpango wa mtu wa miaka 38 unapangiwa kichwa cha mjomba mkubwa. Nywele ukizichukua leo kwenye sehemu ya ukanda ambayo itakuja kudondoka, zitadondoka pia kule ulikozihamishia.

Hesabu

Msingi wa upasuaji huu ni wa zamani. Shoji Okuda wa Japani aliandika mwaka 1939 kuhusu kuhamisha vipande vidogo vya ngozi yenye nywele, na mwaka 1959 Norman Orentreich wa Marekani akaeleza kwa nini inawezekana: nywele iliyohamishwa hufuata tabia ya ilikotoka, si ya ilikopelekwa. Nywele ya kisogoni ikihamia utosini inaendelea kuishi kana kwamba iko kisogoni. Hakuna nywele mpya inayotengenezwa. Unahamisha zilizopo, na kila unayoihamisha haioti tena ilikotoka.

Nywele hutoka kwa vishada, kila kishada kikiwa na nywele moja hadi nne, na kipandikizi kimoja ni kishada kimoja. Kichwa cha Mzungu hubeba vishada 80 na zaidi kwa kila sentimita ya mraba. Cha Mwafrika hubeba takriban 60. Hapo ndipo ofa ya 5,000 ilipoanza kupwaya.

Ukanda wa mgonjwa wetu, baada ya kutoa sehemu ya vipele chini na kutoa juu ile sehemu inayoweza kufuata nyayo za mjomba, ulibaki na sentimita za mraba 140 za kutumainiwa. Kwa 60 kila moja, ni vishada 8,400. Vyote hivyo si vya kuchukuliwa. Tulikubaliana na daktari wa upasuaji wa Dar es Salaam kwamba kwa mtu huyu tusivuke theluthi, yaani 2,800, na hiyo ni kwa maisha yake yote. Wapo wanaothubutu kufika nusu. Kwa mwenye vipele na mama mwenye kovu, mimi sioni sababu ya kuthubutu. Mtu akitolewa 5,000 kati ya 8,400 amepoteza karibu asilimia 60, na kisogo chake kitaonekana kimeliwa na nondo kabla mbele hakujaota.

Upande wa mahitaji, tulichora mipaka kwa kalamu ya ngozi na kupima. Mbele sentimita za mraba 60, katikati 70, utosini 60, jumla 190. Kurudisha msongamano wa asili pote ingehitaji vishada zaidi ya 11,000. Havipo.

Kipilipili, hata hivyo, kina fadhila yake. Nywele iliyojikunja hufunika ngozi kubwa kuliko iliyonyooka, na nywele nyeusi juu ya ngozi nyeusi haioneshi mapengo kirahisi. Ndiyo maana vishada 28 kwa sentimita mbele vinaweza kumtosha, na 12 katikati vikatoa kivuli kinachokubalika. Mbele 1,680, katikati 840, jumla 2,520, na akiba ya 280. Utosini hakuna kitu. Hili la mwisho lilimuuma, kwa sababu utosi ndio picha za nyuma kwenye harusi zinaonesha. Lakini utosi ni duara linaloweza kutanuka pande zote. Ukijaza kati leo, miaka kumi mbele una kisiwa cha nywele kilichozungukwa na upara. Uso ndio unaokutana na watu, na uso unahitaji fremu ya mbele.

Kuhusu mstari wa mbele tulivutana kidogo. Alikuja na picha yake ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), mstari umenyooka na kona kali kama zilizochongwa na kinyozi. Mstari ule uko chini mno. Tuliuweka sentimita 8 juu ya kati ya nyusi, panja zikaachwa zimerudi nyuma, bila kona. Ni mstari wa mtu mzima. Mkewe, aliyeusogelea kuutazama, alisema hivyo ndivyo alivyomkuta.

Swali la mkewe

Ni yeye pia aliyeuliza swali ambalo lingepaswa kuulizwa kwanza. "Baba watoto akishapandikizwa, siku akichoka anaweza kurudi kunyoa kama sasa?"

Jibu ni hapana, au ni ndiyo ya gharama. Kwa njia ya kutoboa kishada kimoja kimoja, inayotangazwa kwa jina la FUE, kila tundu huacha kovu dogo la chini ya milimita moja. Wauzaji husema haliachi kovu. Ukweli ni kwamba haliachi kovu la mstari. Kwenye ngozi nyeusi, kovu hizo huweza kupauka na kuwa nukta nyeupe. Ukiacha nywele milimita tano, hazionekani. Ukinyoa wembe, una nukta elfu mbili kisogoni. Mwanamume huyu kwa miaka mingi ameishi na mwonekano mzuri wa kichwa kilichonyolewa, ambao haukumgharimu chochote zaidi ya kinyozi. Upasuaji ungemwondolea huo moja kwa moja, umpe nywele za mbele na utosi ulio wazi.

Tulimwambia wazi kwamba kuacha ni mpango kamili pia: atibiwe vipele, anyoe kwa mashine badala ya wembe, avae kofia yake. Mimi ningechagua hivyo. Alikwenda kulifikiria, akarudi anataka kuendelea, lakini sasa akijua anachokitoa. Ofa ya Istanbul aliifuta mwenyewe. Wako madaktari wazuri Uturuki, na bei yao ni nafuu. Tatizo la ofa ile ni kwamba idadi ilipangwa kwa picha za WhatsApp, kabla ya mtu yeyote kugusa kisogo chake, na alipouliza nani atatoboa, alijibiwa "timu yetu". Chama cha kimataifa cha madaktari wa upasuaji wa nywele, ISHRS, kimekuwa kikionya juu ya vituo ambako kazi yote hufanywa na mafundi wasio na leseni.

Dawa kwanza

Hakuna upasuaji uliopangwa kabla ya miezi sita ya dawa. Vipele vilitibiwa kwa antibiotiki ya doksisaiklini na losheni ya steroidi, wembe ukapigwa marufuku, kinyozi akapewa maelekezo ya kuacha milimita tatu na kusafisha mashine kwa spiriti. Vilitulia. Kovu gumu lilibaki, halikuongezeka.

Finasteridi ndiyo iliyochukua muda wa mazungumzo. Kidonge cha miligramu 1 kilipitishwa Marekani kwa upara wa wanaume mwaka 1997. Hushusha DHT, homoni inayosinyaza mizizi ya nywele, kwenye damu kwa takriban asilimia 70, na kazi yake hapa ni kulinda ukanda na nywele za pembeni zilizobaki. Huwa haioteshi nywele kwenye ngozi iliyokwisha kuwa tupu kwa miaka. Aliuliza kwa sauti ya chini kuhusu nguvu za kiume, na hilo halifai kupuuzwa: wachache hupungukiwa hamu au nguvu, wengi wao hurejea wakiacha, lakini wapo wanaolalamika kuendelea. Pia inaweza kushusha ubora wa mbegu, na wao wanatafuta mtoto wa tatu. Vidonge vilivyovunjika mwanamke mjamzito hatakiwi kuvigusa, kwa sababu ya hatari kwa mtoto wa kiume tumboni. Waliamua kuiahirisha mpaka mimba ipatikane. Nikaona ni busara. Tukaandika kwenye faili kwamba siku akianza, kila atakayempima tezi dume uzeeni aambiwe, maana dawa hii hushusha PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, kwa karibu nusu na inaweza kuficha tatizo. Kwa sasa anatumia minoksidili ya asilimia 5 ya kupaka.

Shinikizo la damu lilikuwa 152/96, hajui. Ganzi ya upasuaji huu huchanganywa na adrenalini, na saa sita mezani si mzaha. Alianzishiwa dawa na likashuka. Sukari, homa ya ini B na VVU vilipimwa, havikuwa na shida.

Jaribio lililobadilisha mpango

Mzizi wa nywele ya kipilipili haukushuka wima ndani ya ngozi. Umepinda kama nywele yenyewe. Mtoboaji anayekisia mwelekeo kwa kile anachokiona juu hukata mzizi chini. Nywele iliyonyooka haina mtego huu, na fundi aliyezoea hiyo peke yake anaweza kuharibu kichwa cha Mwafrika kwa nusu siku.

Kwa hiyo, Dar es Salaam, daktari wa upasuaji alitoboa vishada 30 tu sehemu ya kisogoni iliyo salama na kuvipandikiza mbele. Sita vilikatika mizizi. Asilimia 20. Tulisubiri miezi sita kuona kovu: bapa, nukta zimepauka kidogo, hakuna uvimbe.

Kovu lilituruhusu kuendelea, lakini hesabu ilivunjika. Theluthi ya 2,800 ni idadi ya matundu, si ya vishada vitakavyoishi. Kila matundu mia yakitoa vishada themanini, 2,800 ni vishada 2,240, na mpango ulidai 2,520. Njia ya kukata utepe wa ngozi kisogoni na kuuchambua chini ya darubini huokoa mizizi mingi zaidi, na kwa mwenye kipilipili mara nyingi ndiyo bora. Lakini huacha kovu la mstari mrefu, linalovutwa, sentimita chache juu ya vile vipele, kwa mtoto wa mama yule. Tuliikataa. Ndevu zake ni nzito na zingetoa vishada mia kadhaa, ila chini ya taya ni mahali pabaya pa kufanyia bahati nasibu ya makovu.

Mpango mpya ni mbele tu. Vishada 1,680 vitakavyohitaji matundu 2,100. Yanabaki matundu 700, vishada 560, vya kusogeza katikati baadaye kama matokeo yataridhisha, na hilo halitaamuliwa kabla ya miezi 12, kwa sababu nywele zilizopandikizwa hudondoka ndani ya wiki chache, huanza kurudi mwezi wa tatu au wa nne, na sura kamili huonekana mwaka ukiisha. Katikati na utosini, akitaka, kuna kuchora nukta za wino kichwani zinazofanana na nywele zilizonyolewa. Kazi itagawanywa kwa siku mbili. Ana kilo 74. Lidokaini, dawa ya ganzi, ikichanganywa na adrenalini haipaswi kuvuka miligramu 7 kwa kilo, na kwa desturi tunakomea 500, kwa hiyo siku moja ingewabana.

Msimu

Fedha ya korosho huja Oktoba hadi Desemba, wakati huo huo yuko kwenye maghala ya chama cha msingi, juani, akisaidia kunyanyua magunia. Juni hadi Agosti ni msimu wa kupulizia mikorosho salfa, na vumbi lake linamfuata hadi dukani. Baada ya upasuaji anahitaji wiki mbili bila vumbi, bila jua, bila kunyanyua kitu, siku kumi bila kofia ya kubana, na bila helmeti, ambayo ina maana bila bodaboda. Basi la saa nyingi kutoka Dar akiwa na kichwa kinachovuja maji nalo halikufaa. Atakaa wiki moja kwa dada yake Mbagala, kisha atapanda ndege hadi Mtwara, na dereva wa familia amchukue. Tulichagua Februari, mvua ikiwa imelaza vumbi. Kuosha kichwa kutaanza siku ya tatu, kwa maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, kwa kikombe na si kwa kusugua. Mkewe ndiye aliyefundishwa, akiwa amejaribia kwanza kwenye mkono wake.

Karatasi ya makubaliano ina sharti moja ambalo daktari wa upasuaji alilikubali baada ya majadiliano. Matundu 200 ya kwanza yatahesabiwa mbele ya mgonjwa. Mizizi iliyokatika ikizidi robo, kazi inasimama hapo hapo, vilivyopatikana vinapandikizwa, na anarudishiwa fedha ya sehemu isiyofanyika. Mgonjwa alisoma mara mbili, akauliza nani atahesabu. Tukaongeza mstari: atahesabu muuguzi ambaye si wa timu ya kutoboa. Akasaini.